Kanda za Nyuma ya Pazia

Wa kwanza kusema kwamba sitoweza alikuwa Abdalla, mpiga fidla, na aliyasema hayo kipande cha halua kikiwa mkononi. Tulikuwa matangani kwa Hilali Banjo, hapa Ibra, Oman, wanaume tumejaa kwenye sabla, ukumbi wa mtaa, kahawa inazunguka. Kila mtu alikuwa na lake la kumkumbuka marehemu. Huyu kaoa kwa banjo la Hilali, yule kaozesha mabinti zake wote, mwengine kaja kutoka Nizwa na hakuwa na harusi yoyote ya kuitaja, ila kila akisikia Hilali anapiga mahali alikuwa akienda kujialika. Tulicheka zaidi kuliko tulivyolia, na nadhani mwenyewe angependa hivyo.

Kisha mtu akauliza, "Sasa tutamsikia wapi?"

Hilali hakuwahi kuingia studio hata siku moja. Akiambiwa, alikuwa akijibu, "Nimpigie nani humo, ukuta?" Kilichobaki cha mikono yake kilikuwa kanda za harusi, zile kaseti ambazo wenye harusi walirikodi wenyewe kwa redio zao, na sasa zimelala makabatini tangu Nizwa mpaka Sur, zinaota ukungu.

"Nitazikusanya mimi," nikasema. "Nitazisafisha, nitamtoa Hilali humo, na kila atakayeniazima nitamrudishia kanda yake nzima kama alivyonipa."

Abdalla akacheka. "Wewe Sudi, za wanaume utazipata, nazo zimejaa makohozi na ubishi wa mpira. Nzuri wanazo wanawake. Na hizo hutozipata hata uende umeivaa hiyo stashahada yako shingoni."

"Na akizipata," akadakia mwengine, "atasikia walivyotusengenya waume zao."

Sabla nzima ikacheka, na mimi pia. Halua haijesha kwenye sinia, mzaha ule ulikuwa umeshafika Sur kwa simu.

Ninayaandika haya kwa ajili yenu vijana mlioichukua kazi ya sauti baada yangu, maana mwaka huu nimefunga duka. Mishahara siiandiki, na vyeo sikuwa navyo. Nilikuwa mkubwa wa kazi na mfagiaji wake. Ila mtakaposikia mtu anasema fulani ndiye fundi bora wa sauti katika mkoa huu wa Sharqiyah, muulizeni kama alipata kumuona Fundi Sudi.

Nilitoka Unguja kijana, Kiarabu changu kikiwa cha chuoni, cha kusomea dua. Ndugu zangu wa Oman walisema mtoto huyu hatopata kazi, hajui hata kuuliza bei ya samaki. Nikaenda Matrah nikaingia kwenye duka la redio la Mgoa mmoja, Fernandes, aliyekwisha kuishi mjini Unguja miaka mingi na Kiswahili chake kikinishinda mimi. Siku ya kwanza alinipa redio mbovu. Nikaiinamia, nikatia sikio kwenye spika. Fernandes akanyanyuka, akachana pamba, akanizibia masikio yote mawili.

"Sasa itengeneze," akasema. Nilimsoma midomo.

Mwenyewe alikuwa nusu kiziwi kwa kukaa na maspika, na watu hawakujua, kwa sababu alitengeneza kwa macho. Alinifundisha kuangalia sindano ya mita ikicheza, kujua sauti ya mtu inavyoinyanyua na ngoma inavyoipiga, na kuitambua mivumo ya umeme ambayo sikio limeizoea hata halina khabari nayo. Nilifanya kazi na pamba masikioni mpaka nikawa naweza kuiangalia sindano nikakwambia anayeimba ni mwanamme au mwanamke. Nyinyi mna kompyuta inayochora kila kitu kwa rangi, na bado mnauliza, "Ami Sudi, mbona inakwaruza?"

Stashahada ya elektroniki niliisoma kwa posta kutoka Bombay, baada ya kazi, na mtihani nikaufuata huko huko kwa meli. Fremu yake nilichonga mwenyewe. Nilipofungua duka Ibra niliitundika mahali ambapo mtu hawezi kuingia asiione. Watu wa soko walisema hapana atakayempa redio yake mtu wa Zinjibar. Siku za mwanzo aliyeingia ni mbuzi mmoja tu, na huyo alifuata kivuli.

Mteja wangu wa pili, ukimhesabu mbuzi, alikuwa Hilali.

Aliingia na kitu kimefungwa kwenye kikoi. Akakifungua juu ya meza yangu: banjo. Kwetu Unguja banjo tukilijua, lilikuwamo kwenye taarabu, likigonga nyuma ya maudi na mafidla. Hili lilikuwa na uzi mmoja wa ziada, mfupi, uliofungwa katikati ya shingo.

"Umelipata wapi?"

"Jangwani," akasema. Alikuwa mpishi kwenye kambi ya mafuta. Huko palikuwa na injinia mmoja wa Kimarekani, mtu wa milimani, aliyekuwa akipiga muziki wa kwao unaoitwa bluegrass. Hilali alimpikia wali wa nazi, na yule akamfundisha kupiga kwa vidole vitatu, vikifuatana bila ya kupumzika. Alipoondoka alimwachia banjo, kwa maana mkewe huko kwao alikuwa kasema ama banjo ama yeye.

Hilali akanipigia palepale. Ilikuwa nyimbo ya harusi ya kwetu, ninayoijua tangu utotoni, lakini katikati yake sauti zilimwagika kama buni zinazomiminwa kwenye sinia la shaba. Mchoma mishikaki wa upande wa pili alisahau mishikaki yake.

"Tatizo," akasema Hilali, "ni kwamba kwenye harusi hapana anayenisikia. Fidla ya Abdalla inanimeza."

Toka siku hiyo nilikuwa fundi wake. Kazi ilikuwa ngumu, msidhani. Banjo lake lilikuwa na ngozi ya ndama, na ngozi ina akili zake. Nizwa, kwenye ukavu, hujikaza mpaka sauti ikawa kali kama kijiko kwenye bilauri. Sur, kwa unyevu wa bahari, hulegea mpaka ikasikika kama mtu anapiga mto. Kipaza sauti nilikuwa nakiweka mahali mbalimbali kwa kila mji, na hapana kitabu kilichoandika hayo ila kichwa changu. Na Hilali alikuwa na dawa yake. Kwenye harusi za Sur, chetezo cha udi kilipopitishwa, alikuwa akilishika banjo juu ya moshi na kuigongagonga ngozi kwa kidole, tuk, tuk, mpaka ikaze. Banjo lile lilinukia kama biharusi.

Na tulikuwa nyuma ya pazia. Hilo mlijue, kwa sababu nyinyi hamkuliona. Kwenye harusi zao wanawake walitaka taarabu, na wapigaji ni wanaume, basi ukumbi ulikatwa kwa pazia zito, wao huko na sisi huku. Walimpenda Hilali miaka yote hiyo na wengi wao hawakupata kumuona uso. Walijua kikohozi chake, na ile tuk, tuk ya kwenye ngozi. Wakiisikia huanza kupiga vigelegele kabla hajapiga kitu. Redio zao za kurikodia waliziweka juu ya mto, chini kabisa ya pazia, karibu naye kuliko nilivyokuwa mimi. Ndiyo maana kanda zao ni nzuri. Na nyimbo ikisha, redio haizimwi, wao wanaendelea kuzungumza, wako peke yao, wanasema yasiyosemwa mbele ya mwanamme.

Katika kazi yangu yote spika ilipiga yowe mara moja tu, huko Sur, na hilo lilikuwa kosa la umeme wa Sur. Nilitoka mbio kwenda kuangalia swichi kubwa nje. Niliporudi nilikuta sinia la biriani limepenyezwa chini ya pazia, nikaambiwa ni langu mimi peke yangu. Nikajua sifa zangu zimeshavuka upande wa pili. Khabari ya biriani ile nimeihadithia mara nyingi, na mke wangu Zuwena huondoka chumbani nikianza.

Basi turudi kwenye kanda. Za wanaume zilikuja upesi, na Abdalla alisema kweli: makohozi. Kwenye moja Hilali anapiga vizuri ajabu, na juu yake mtu anaeleza mwanzo mpaka mwisho jinsi alivyonunua ngamia. Kwa wanawake nikapeleka ujumbe wa sauti kwenye makundi ya familia, nikaeleza elimu yangu na vyombo vyangu. Hapana aliyejibu. Wale waliokwisha kuahidi wakasema kanda zimepotea.

Niliambiwa mwenye kanda bora kuliko zote ni Bi Thuwaiba wa Sur, ambaye wanawake wengine wanamtazama yeye, akikubali watakubali. Nikafunga safari. Alinipokea barazani, bibi mkubwa, amekaa wima, mjukuu wake ananimiminia kahawa.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba."

"Marahaba. Wewe ndiye Sudi wa waya?"

"Fundi Sudi. Nina stashahada ya..."

"Nimesikia. Na mlivyocheka sablani pia nimesikia."

"Ule ulikuwa mzaha, Bi."

"Na sisi tulikuwa tunafanya mzaha. Imo kwenye kanda."

"Maneno yote nitayakata," nikamwambia. "Utabaki muziki mtupu."

"Na kabla hujayakata utayafanya nini?"

"Nitayasikiliza, nipate kujua pa kukata."

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejibu hesabu vibaya lakini kwa sauti kubwa. "Kunywa kahawa yako, baba, urudi Ibra kabla jua halijawa kali."

Nilirudi. Al Qabil nilisimama kununua tende ili nisiingie nyumbani mikono mitupu. Zuwena alinifungulia mlango, akaona tende, akajua.

"Ulimwambia khabari ya stashahada?"

"Kidogo."

Akatikisa kichwa. Nikamwambia mambo yamekwisha, kanda hazipatikani, Abdalla atacheka mpaka afe na yeye, na Hilali atabaki kwenye khabari ya ngamia. Zuwena akala tende mbili tatu akifikiri.

"Mie nitasikiliza," akasema.

"Kazi hii wewe huijui."

"Na wewe huwezi kufanya kazi bila ya kusikia? Tangu umenioa unanihadithia Fernandes wako na pamba zake. Mimi nitakuwa masikio, wewe kaa na macho yako."

Nilikasirika kwamba fikra ile haikuwa yangu.

Zuwena alikwenda nyumba kwa nyumba, Ibra, Al Qabil, Nizwa, mpaka juu milimani Misfat kwa binti mmoja aliyeolewa huko. Hakueleza vyombo. Alikula, akanywa, akauliza wajukuu, na mwisho akatoa ahadi: atakayoyasikia hayatotoka kwake. "Hata kwa Sudi?" wakamuuliza. "Hata kwa Sudi." "Khasa kwa Sudi," wakasema, na hapo ndipo makabati yakafunguliwa. Kanda zilizopotea zilionekana zote. Ya Bi Thuwaiba ilikuja mwisho, imefungwa ndani ya leso, na leso ndani ya kopo la biskuti.

Tulifanya kazi dukani asubuhi, mlango tumeufunga. Zuwena kavaa spika za masikioni, mimi mbele ya mashine sisikii kitu. Kwanza nilisafisha: ukungu kwa pamba, vichwa vya mashine kwa spiriti, na vile visponji vidogo vinavyoibana kanda, vilivyokwisha kuwa unga, nikavikata vipya. Kisha mwendo. Redio za zamani zilikwenda mbio au zilijikokota, na banjo likasikika kama la mtu mwengine. Nitaupimaje mwendo bila ya masikio? Mvumo wa umeme, vijana. Kila kanda iliyorikodiwa kwa redio iliyochomekwa umeme wa ukutani ina mvumo wa umeme chini yake, na mvumo huo haubadiliki, Nizwa wala Sur. Nikauweka kwenye mita, nikakaza na kulegeza skrubu mpaka ukakaa mahali pake. Mvumo umekaa, basi na Hilali amekaa. Andikeni hilo mahali, kwa sababu hamtolipata kwa mwengine.

Zuwena akinyanyua kidole, ni Hilali, nanakili. Akifumba mkono, ni wanawake, nasimamisha. Baada ya muda niliweza kuijua ishara ya mkono wake kwa kuiangalia sindano, kabla hajaitoa, nikawa nasimamisha yeye bado anafikiri, na hilo halikumfurahisha. Mara nyingi alicheka mpaka akashika meza.

"Nini?"

"Amana."

"Nambie kidogo tu."

"Tizama sindano yako."

Kanda ya Bi Thuwaiba ndiyo iliyotaka kutuua. Ilikuwa kavu, inalia kwenye magurudumu. Katikati yake Zuwena alifumba mkono, nikasimamisha kunakili, kanda inaendelea kwenda. Nikamuona anatabasamu, halafu tabasamu likaondoka, akaziba mdomo kwa kiganja, akanitazama mimi kwa muda mrefu kama anayemtazama mgeni.

"Nini tena?"

"Hapana kitu. Endelea."

Na pale pale kanda ikakatika, tak, ncha mbili zinaninginia. Kanda ya watu, ya mwanamke aliyekuwa hataki kuitoa, na ahadi niliyoitoa mbele ya sabla nzima kwamba itarudi kama ilivyokuja. Nilizima feni isije ikaipeperusha. Nikazilaza zile ncha kwenye chuma, nikazikata mshazari kwa wembe, nikaziunga kwa utepe, sikupoteza hata upana wa ukucha. Zuwena akasikiliza.

"Pameungwa wapi?" akauliza.

"Hujasikia?"

"Sikusikia."

Basi, nikaiwasha feni tena.

Tulipomaliza tulikuwa na Hilali peke yake, safi, na kila mapumziko ile tuk, tuk yake. Niliupeleka muziki sablani. Watu walisikiliza kahawa ikapoa. Abdalla alisikiliza mpaka mwisho kabisa, kisha akasema fidla haisikiki sawasawa. Nikamwambia hilo limetokana na ustadi wangu.

Kisha kurudisha. Nilirudisha mwenyewe kila mlango, Zuwena kando yangu, kila mtu kanda yake na juu yake nakala ya Hilali, na kila mtu nilimuusia lile lile: usiirudisherudishe, kanda inachakaa. Nizwa walitukaribisha chakula, Misfat walitupa makomamanga. Wa mwisho akabaki Bi Thuwaiba.

Nilimkabidhi kopo la biskuti kwa mikono miwili. Akalifungua, akafungua leso, akaitazama kanda upande huu na huu. Halafu akamtazama Zuwena.

"Umemwambia?"

"Sikumwambia, Bi."

"Hata lile?"

"Hata lile."

Bi Thuwaiba akamuita mjukuu alete redio, ile ile aliyorikodia harusi ya mdogo wake, inafanya kazi bado. Akaitia kanda mwenyewe, akaipeleka mbele kwa kubahatisha, akasikiliza kidogo, akapeleka tena.

"Hapa nimo mimi na marehemu mama yangu tu," akasema. "Mama ameshatangulia, na mimi nimekwisha zeeka, sauti yangu haina la kuficha. Sikiliza."

Kwanza nilisikia yowe la spika, lile la umeme wa Sur. Kisha sauti ya bibi mkali, karibu sana na redio: "Huyo wa waya muondoshe, anatutoboa masikio." Na ya msichana, ndiye Bi Thuwaiba, anacheka: "Ametoka mbio, mama, labda amekimbia moja kwa moja."

Halafu kikohozi. Kutoka upande wa pili wa pazia, taratibu, Hilali.

"Msimwondoshe, mama. Huyu nikimkosa, mimi ni mtu anayegonga ngozi tu."

Kisha yule bibi: "Haya. Basi mpelekeeni biriani."

Na tuk, tuk, na Hilali akaanza kupiga.

Sikumtazama Zuwena. Nilijua angalau mara hii hakuondoka chumbani. Bi Thuwaiba akabonyeza redio ikanyamaza.

"Bi Thuwaiba," nikasema, "nirudishie pale tena."

"Umeshasikia mara moja," akasema, akiikunja leso. "Kanda inachakaa."